Data ya Mgonjwa Si Tanzanite

Tangu Mahakama Kuu ya Kenya ilipositisha kwa muda kipengele cha kugawana data katika mkataba wa afya kati ya Nairobi na Washington, vijiwe vya kahawa vya Moshi na Arusha vimepata hoja mpya. Mkataba ulisainiwa tarehe 4 Desemba 2025, ukiwa na ahadi ya dola bilioni 1.6 kutoka Marekani kwa miaka 5. Wiki moja baadaye mahakama ikasema ngojeni kwanza. Uganda na Rwanda zilisaini mikataba yao mwezi huohuo. Huku kwetu maneno yakageuka haraka: data za wagonjwa wetu zinabebwa, tuamke, tujenge ukuta kama ule wa machimbo ya tanzanite, Mirerani. Nimeisikia kauli hiyo ya ukuta kwa mwenye bodaboda na nimeisikia kwa daktari, na wote wawili waliisema kwa uchungu wa kweli.

Uchungu naukubali, na nadhani mahakama ile ilifanya kazi yake. Tatizo ni somo tunalolichukua. Kampuni za data za afya na utafiti wa tiba zinapoitazama Kanda ya Kaskazini, hazioni jiwe lililolala ardhini likingoja mchimbaji. Zinaona kazi: kumpata haraka mgonjwa anayefaa, kumfuatilia miezi 18 bila kumpoteza, kuandika kila kipimo kwa usafi unaokubalika na wakaguzi wa dawa wa Ulaya na Marekani. Kazi hiyo tunaiuza rahisi, tena kila hospitali kivyake, kwa mikataba iliyoandikwa na mnunuzi. Tunapigwa mezani, kabla hata faili moja halijavuka mpaka.

Ili kuielewa biashara hii, tazama ilivyozaliwa kampuni yake kubwa kuliko zote, IQVIA ya Durham, North Carolina. IMS Health, iliyoanza 1954, ilikuwa ikikusanya taarifa za soko la dawa: nini kimeuzwa wapi, daktari gani anapendelea kuandika dawa ipi. Quintiles ilianzishwa 1982 na Dennis Gillings, Mwingereza aliyekuwa profesa wa takwimu Chuo Kikuu cha North Carolina, naye akauza huduma ya kuendesha majaribio ya dawa kwa niaba ya viwanda. Mwaka 2016 zikaungana, na 2017 zikachukua jina jipya. Upande mmoja unajua wagonjwa wako wapi, mwingine unajua namna ya kuwaingiza kwenye utafiti. Ndoa ya aina hiyo haihitaji mshenga. ICON ya Dublin nayo ilimeza PRA Health Sciences 2021, na mwelekeo ni uleule: wachache, wakubwa, wenye data na wenye wafanyakazi wa nyanjani chini ya paa moja.

Wateja wao ni viwanda vya dawa, na kinachowauma wateja hao ni kalenda. Hataza ya dawa, yaani haki ya kiwanda kuiuza peke yake, hudumu miaka 20 tangu ombi lipelekwe, na miaka mingi kati ya hiyo huliwa maabara na kwenye majaribio kabla kidonge cha kwanza hakijauzwa. Kila mwezi unaookolewa kwenye utafiti ni mwezi wa mauzo bila mshindani. Ndiyo maana kiwanda kiko tayari kuilipa kampuni ya kati fedha nyingi: kinanunua muda. Na muda huo, ukifuata mnyororo hadi mwisho wake, unatengenezwa na muuguzi aliyeko Moshi au Kisumu ambaye anajua kwamba mama fulani wa Kibosho hatakuja Jumatano kwa sababu ni siku ya soko, hivyo anampigia simu Jumatatu.

Turudi kwenye ukuta. Ukuta wa Mirerani una urefu wa kilomita 24.5, ulizinduliwa 2018, na mantiki yake inaeleweka na mtu yeyote: tanzanite inapatikana sehemu moja duniani, jiwe likitoka limetoka, na aliyelibeba ndiye mwenye nalo. Data haina hata sifa moja kati ya hizo tatu. Nakala ikienda Durham, asili inabaki kwenye kabati la hospitali. Kisukari, shinikizo la damu na kifua kikuu havipatikani Kilimanjaro tu. Na data huchacha: orodha ya wagonjwa ya 2014 isiyosasishwa ina thamani ndogo sana kwa mtu anayetafuta washiriki mwaka huu. Ukiijengea ukuta, itaozea ndani. Wanaotetea ukuta wanasema tukifunga, watakuja kupiga magoti. Hawatakuja. Inatajwa mara nyingi kwamba chini ya asilimia 3 ya majaribio ya tiba duniani hufanyika Afrika, na sehemu kubwa ya hayo iko Misri na Afrika Kusini. Bara lenye karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani limekuwa likirukwa bila mtu kukosa usingizi, na matokeo yake ni sisi kumeza vipimo vya dawa vilivyopangwa kwa miili na vyakula vya watu wengine. Katika mabishano yote haya, hoja ya ukuta ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi.

Upande wa wasiwasi una hoja nyingine nzito, na ni makosa kuzitupa pamoja na ukuta. Ya kwanza ni matumizi ya pili. Watu wa kabila la Havasupai, Arizona, walitoa damu kuanzia 1990 kwa utafiti wa kisukari. Baadaye wakagundua damu ileile imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili na asili ya uhamiaji wa mababu zao, mambo ambayo hawakuyaridhia. Mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo kikawalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Nani anaweza kuniambia kwa uhakika kwamba fomu zetu za ridhaa, zenye sentensi ileile ya "utafiti wa baadaye", zingezuia jambo kama hilo? Ya pili ni majina. Kampuni husema data imeondolewa majina, hivyo haina mwenyewe. Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtambulisha mtu kwa upekee kwa takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Sisi hatuna msimbo wa posta wanaoutumia watu, lakini tuna jina la kijiji. Andika mwanamke mwenye ualbino, miaka 41, kijiji fulani cha Siha, aliyetibiwa kifua kikuu sugu hospitali ya Kibong'oto. Jina la nini tena hapo? Balozi wa nyumba kumi atakupeleka hadi mlangoni.

Kwa hiyo wanaosema "data haina jina, tulieni" wana hoja nyembamba. Hata hivyo wana hoja nyingine nene, na mfano wake uko hapahapa mkoani. Kilimanjaro ndiko chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilikoanzia kwa majaribio ya utoaji 2014, kabla haijaenea nchi nzima 2018. Kisha huko Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti ulioendeshwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao wa London, kuona kama dozi moja inatosha badala ya mbili au tatu. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja 2024. Binti wa Rombo leo anachomwa sindano moja kwa sababu binti wa Mwanza alikubali kufuatiliwa kwa miaka. Data ilitoka nje ya nchi, ikachapishwa, ikasomwa Geneva, ikarudi ikiwa sera. Ukuta ungeizuia safari hiyo.

Linganisha na Korogwe, saa chache kwa basi kutoka Moshi. Watoto wa huko na wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa 15,459 wa nchi 7 walioshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria, RTS,S. Utoaji wa majaribio ulipoanza 2019, ulianzia Malawi, Ghana na Kenya. Sisemi kuna aliyetunyima. Uchaguzi wa nchi zile ulikuwa na vigezo vyake. Ninachosema ni kwamba kushiriki kutoa data hakumpi mtu nafasi kwenye foleni ya faida, isipokuwa nafasi hiyo iandikwe mahali kabla kazi haijaanza. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, lililoanza 1964 na kufanyiwa marekebisho tena Oktoba 2024, linataka mpango wa washiriki kuendelea kupata tiba baada ya jaribio upangwe mapema. Azimio halina polisi. Mkataba ndio wenye meno, na meno hayo hutegemea nani aliketi upande wa pili wa meza.

Hapa ndipo napenda kuachana na tanzanite na kurudi kwenye zao tunalolijua zaidi. Kahawa haikumtajirisha wala kumfukarisha Mchagga kwa sababu ya kwenda Hamburg. Ilipaswa kwenda Hamburg, hatuinywi sote. Bei iliamuliwa na nani anakoboa, nani anapanga madaraja, nani anaonja, na nani anauza mnadani. Mkulima aliyeuza matunda mabichi shambani kwa mchuuzi alipata kidogo; aliyefikisha kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi alipata zaidi; na chama kilichouza kwa pamoja kilipata nguvu ya kusema bei hii hapana. Wazee waliliona hilo mapema, wakaunda chama cha wakulima 1925 na chama kikuu cha ushirika, KNCU, 1933, wakati walowezi hawakutaka hata kuwaona na mbuni. Hospitali zetu leo, kwa upande wa data, ziko kwenye hatua ya matunda mabichi. Tunachuma, tunapakia, tunauza. Kusafisha data, kuoanisha rekodi, kuandika mpango wa uchambuzi, kufanya hesabu yenyewe: yote hayo hufanyika kwingine, na ndiyo yenye mishahara.

Watu watasema uwezo hatuna. Uwezo gani? KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, ilifunguliwa 1971 na pembeni yake ipo taasisi ya utafiti wa tiba, KCRI, ambayo imeshiriki majaribio ya kimataifa kwa miaka mingi. Kuna chuo kikuu cha tiba palepale. Kibong'oto ipo na uzoefu wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, ipo Taasisi ya Nelson Mandela ambako vijana husomea sayansi ya data hadi shahada ya uzamivu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la 3 la ukomavu wa usimamizi wa dawa la Shirika la Afya Duniani, Desemba 2018. Hao vijana wa Tengeru wanafanya nini wakihitimu? Baadhi wanajenga programu za mikopo ya simu. Sina ugomvi na mikopo ya simu, ila kuna kazi ya takwimu inafanyika Bangalore kwa kutumia wagonjwa wa Hai, na hakuna aliyeuliza kama inaweza kufanyika kilomita 60 kutoka kitandani.

Kuna somo moja la fedha ambalo lilipita mwaka jana na sikuona likijadiliwa vya kutosha. Februari 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba fedha za uendeshaji zinazoambatana na ruzuku za utafiti, yaani umeme, usafi, uhasibu, majengo, hazitazidi asilimia 15. Vyuo vikuu vya Marekani, vilivyozoea asilimia 50 au hata 60, vilipiga yowe kwamba maabara zitafungwa, vikakimbilia mahakamani, na mahakama ikazuia agizo. Taasisi za nje ya Marekani kwa muda wote huo zilikuwa zikipewa asilimia 8. Soma tena. Kiwango walichosema kitawaua ni karibu mara mbili ya kile sisi tulichoambiwa tushukuru. Umeme wa Moshi si rahisi kuliko wa Boston kiasi hicho, na friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri haijui iko nchi gani. Mei mwaka huohuo NIH ikasimamisha pia utaratibu wa ruzuku ndogo zinazopitia kwa vyuo vya Marekani kwenda nje, na Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi. Pengo hilo la fedha ndilo litakalozifanya kampuni za kandarasi zionekane kama mvua baada ya kiangazi. Hospitali yenye watafiti waliobaki bila mshahara haisomi vizuri ukurasa wa 34 wa mkataba.

Sheria je? Tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti na kugusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. NIMR nayo inadai makubaliano ya kuhamisha data na sampuli kabla chochote hakijaondoka. Kwa karatasi, hatuko uchi. Lakini sheria hizi ni za mlangoni: zinauliza nani anatoka na nini, kwa ridhaa ya nani. Haziulizi bei. Haziulizi kama nakala safi ya data, baada ya maswali yote ya wakaguzi kujibiwa na makosa kurekebishwa, inabaki hospitali, au tunabaki na madaftari ya mwanzo huku toleo lililopikwa likiishi kwenye seva ya kampuni. Kwangu mimi hicho kipengele kimoja kina uzito kuliko hotuba kumi za uhuru wa data. Hospitali yenye nakala safi inaweza kufundishia, kuchapisha, kumjibu mgonjwa. Isiyo nayo inaomba ruhusa kusoma kilichoandikwa na wauguzi wake.

Kumjibu mgonjwa nakutaja kwa sababu. Mama yangu mdogo, wa Machame, aliwahi kuingizwa kwenye utafiti wa shinikizo la damu katika hospitali ambayo sitaitaja. Nakala ya fomu ya ridhaa ameihifadhi ndani ya jalada la Biblia. Miaka kadhaa sasa, kila nikipanda kumsalimia huniuliza, "Mwanangu, ile damu yangu ilisema nini?" Hajawahi kuuliza kama ilisafiri.

Ninachopendekeza basi ni ushirika wa hospitali na vituo vya utafiti vya kanda: vya serikali, vya makanisa, vya vyuo, kuwa na mkataba mmoja wa kuanzia. Asiye na mkataba huo hapati mgonjwa Moshi wala Arusha. Viwango vya fedha za uendeshaji viwe vilevile kwa wote. Nakala safi ibaki. Sehemu ya uchambuzi ifanyike hapa, na matumizi mapya ya data yarudi kwenye kamati ya maadili badala ya kujificha kwenye sentensi ya utafiti wa baadaye. Kanda peke yake haitoshi, maana kampuni itasema Kampala ni rahisi zaidi, na inaweza kuwa kweli. Lakini makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, na mpango wa kuoanisha usajili wa dawa kati ya nchi wanachama ulizinduliwa mjini humohumo Machi 2012. Kama tuliweza kukaa meza moja kuzungumzia namna ya kusajili dawa za viwanda, tunaweza kuzungumzia namna ya kuwalipisha viwanda hivyo wanapotaka kuzijaribu.

Najua atakayeninyooshea kidole kuhusu neno ushirika. Wakulima wa mkoa huu hawajasahau. Vyama vikuu vilivunjwa 1976 kwa amri, vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimechoka, na madeni na malipo yaliyochelewa yaliwafanya wengi kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Ushirika unaweza kumla mwanachama wake. Ugonjwa wa pili uko ndani ya hospitali zenyewe: mtafiti mkuu mwenye posho yake kutoka kwa kampuni hana haraka ya kuona mkataba wake ukijadiliwa na kamati ya wenzake. Haya ni matatizo halisi, na ndiyo sababu sipendekezi chombo kipya chenye ofisi, magari na mkurugenzi. Karatasi moja ya masharti, iliyokubaliwa na kutangazwa hadharani, inatosha kuanza. Ikiwa hadharani, mtafiti mkuu ana kisingizio kizuri cha kukataa: samahani, wakubwa hawaniruhusu chini ya hapo.

Na ningeanzia kwenye jambo dogo ambalo halijawahi kufika kijiweni. Kabla ya mkataba wowote, kampuni hutuma dodoso la kupima uwezo wa kituo. Linauliza: katika miezi 12 iliyopita mmepokea wagonjwa wangapi wapya wa kisukari aina ya pili wa umri kati ya 30 na 65, wangapi wanatumia insulini, wangapi walirudi kliniki baada ya miezi 6, jenereta lenu lina uwezo gani. Dodoso hilo hutumwa kwa vituo vingi kwa pamoja, na wengi wanaolijibu hawatapata utafiti. Majibu yao yote, hata hivyo, yanabaki kwa aliyeuliza, naye sasa anajua hali ya kisukari ya kanda nzima bila kulipa senti wala kuomba ridhaa, kwa sababu ni idadi tu. Linafika Jumatatu, linatakiwa Ijumaa. Muuguzi anakaa na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za wagonjwa, anahesabu kwa kalamu mstari kwa mstari, anaachia zamu mwenzake, anapeleka majibu. Siku zake hizo hazina mstari kwenye bajeti ya mtu yeyote.